Mguu namba 43, na mpana: nivae nini?

BARUA

Assalaam aleikum,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mkaazi wa Langoni hapa Lamu, miaka 36, mama wa watoto watatu. Shida yangu ni viatu. Kabla sijazaa nilikuwa nikivaa 41 kwa kujikaza. Tangu nimpate kitinda mimba sijaona kiatu cha kike kinachonienea. Maduka ninayoyajua huishia 41, na hiyo 41 yenyewe ni nyembamba mno.

Nilimwagiza binamu yangu aliyeko Mombasa viatu vyeusi vya kufundishia. Akaona bora apande juu, akaniletea 44. Kisigino kinachomoka kila nikipiga hatua, na papo hapo pembeni panabana hadi kidole cha mwisho kimeota sugu. Ukucha wa kidole gumba cha kulia umekuwa mweusi. Nyumbani navaa champali za mume wangu, naye akitaka kwenda msikitini azikosa mlangoni. Mavyaa asema kuvaa viatu vya kiume si heshima kwa mwanamke.

Mfungo Mosi, inshallah, tuna arusi ya wifi yangu. Nitapaka hina na nataka miguu ionekane, lakini sitaki kukaa arusini machozi yananilengalenga. Tena binti yangu wa miaka 12 ashafika namba 40. Nyanya yake ashauri avalishwe viatu vya kubana kidogo ili mguu usizidi kukua. Je, ni kweli?

Nimejipima kwa rula ya darasani nikapata kama sentimita 27. Nisaidieni.

Mwalimu wa Langoni

JAWABU

Waaleikum salaam, mwalimu.

Tuanze na ile 44, kwa sababu wanawake wengi wenye mguu mpana hunasa hapo: wakikosa upana, hupanda urefu. Kila kiatu kina mahali pamoja pa kupindia, napo ndipo penye upana wake mkubwa. Mguu nao una mahali pake pa kupindia, kwenye mstari unaotoka kifundo cha kidole gumba hadi kifundo cha kidole cha mwisho. Mistari hiyo miwili yatakiwa ilaliane. Ukivaa kiatu kirefu kuliko mguu wako, mstari wa kiatu unasogea mbele. Sehemu pana ya kiatu inakaa tupu kwenye vidole, na sehemu pana ya mguu inabaki nyuma, pale kiatu kilipo chembamba. Ndiyo maana kiatu kimoja kimekubana na kukupwaya kwa wakati mmoja.

Ukucha mweusi umetoka hapo hapo. Mguu usioshikwa vizuri kisiginoni husukumwa mbele kila hatua, kidole gumba kikagonga, damu ikavilia chini ya ukucha. Watu hudhani ukucha mweusi ni dalili ya kiatu kifupi tu. Kirefu nacho huuleta.

Na faida aliyoitafuta binamu yako ni ndogo sana. Ukipanda namba moja ya Ulaya, urefu waongezeka milimita 6 na kitu, na mzunguko wa kiatu kwa kawaida waongezeka milimita 5 hivi. Huo ni mzunguko. Ukitafuta upana wa soli peke yake, nyongeza haizidi milimita 2. Kwa hiyo aliyekosa sentimita nzima ya mzunguko akisema apande namba mbili, atapata kiatu cha kuburura.

Sasa vipimo. Zile 27 za rula usizitegemee bado. Jipime jioni baada ya kazi, kwa kuwa mguu wa alfajiri si mguu wa saa kumi na moja, hasa wakati wa kaskazi. Bandika karatasi sakafuni, ukingo wake uguse ukuta. Simama, kisigino kiguse ukuta, uzito wako uwe kwenye mguu unaopimwa. Ukipima umekaa kitako, mguu haujatandazika, na waweza kukosa nusu sentimita ya urefu na zaidi ya hapo kwenye mzunguko. Usijichore mwenyewe, maana ukiinama uzito wote unahama; mwachie binti yako. Penseli isimame wima kabisa. Ikilala kuelekea chini ya unyayo huiba upana kila upande, nalo ndilo kosa linaloharibu michoro mingi inayopelekwa kwa mafundi.

Andika mambo matatu kwa kila mguu. Kwanza urefu, kutoka ukutani hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa baadhi ya watu ni cha pili wala si gumba. Pili mzunguko: zungusha tepu ya fundi cherehani juu ya vifundo viwili tulivyovitaja, ikae mshazari kama vifundo vyenyewe vilivyo, iguse ngozi bila kuizamisha. Tatu, mgongo wa mguu: zungusha tepu pale penye tao la unyayo. Mguu mmoja utatoka mkubwa kuliko wa pili. Huo ndio wa kununulia. Mdogo utatiliwa soli ya ndani ya ziada.

Tuseme mguu wako mkubwa umetoa 27.2. Kupata namba ya Ulaya, ongeza 1.5, kisha zidisha kwa 1.5. Hiyo inakuja 43.05, yaani 43. Kwa Uingereza ni kama 9, na kwa Marekani ni kama 11 na nusu ya kike au 10 ya kiume, maana huko namba za kike na za kiume hupishana kwa moja na nusu. Basi wewe si 44. Urefu wako ni 43, na mguu huo wa kike ukiwa na mzunguko unaofika 26, viatu vingi vya kike vya upana wa kawaida vitakubana hata ungevipata kwa namba hiyo. Na ukiona urefu umeongezeka tangu uzae, si mawazo yako. Mimba hulegeza mishipa inayoshika tao la unyayo, tao likashuka, mguu ukarefuka na kupanuka. Kwa wanawake wengi haurudi ulivyokuwa.

Upana nao una alama zake, na hapa watu hudanganyika sana. Viatu vya kike vya Uingereza vyenye herufi D ni vya upana wa kawaida. Vipana ni E, vipana zaidi EE na EEE. Vya Marekani, upana wa kawaida wa kike ni B, na D ndiyo pana. Herufi ni ile ile, maana mbili. Kwa viatu vya kiume vya Marekani, D ni ya kawaida na EE ni pana, wakati mwingine imeandikwa 2E. Kwa hiyo ukikuta raba ya kiume namba 10 yenye D, kwako wewe inahesabika kama raba ya kike pana. New Balance ni kampuni moja inayotengeneza raba ile ile kwa upana tofauti na kuandika herufi hizo, basi kagua kibandiko cha kwenye ulimi wa kiatu kabla hujauliza bei. Kwenye kibandiko hicho hicho mara nyingi kuna sentimita, chini ya CM au JP. Namba hiyo yazungumzia urefu wa mguu, nayo huaminika kuliko 42 na 43 zinazobadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda.

Kwa kuwa unaagiza kwa watu, acha kuagiza kwa namba tupu. Tengeneza kigezo cha boksi. Chukua ule mchoro wako wa mguu mkubwa, ulaze juu ya boksi gumu la katoni, ukate. Kwa viatu vya kufunika, ongeza sentimita 1.2 mbele ya vidole, kisha punguza milimita 3 kila upande. Usishangae kupunguza: nyama ya pembeni ya mguu hulala juu ya ukingo wa soli ya ndani, hivyo soli ya kiatu kinachokuenea huwa nyembamba kidogo kuliko mchoro. Andika juu yake KULIA au KUSHOTO, na mzunguko wako kwa sentimita. Binamu akifika dukani akiingize ndani ya kiatu hadi kisigino. Kikilala bapa, kiatu kinafaa kujaribiwa. Kingo zikikunjika juu, ni chembamba, akirudishe hata muuzaji akiapa kwamba kitatanuka. Kikiteleza mbele na nyuma zaidi ya upana wa kidole, ni kirefu. Boksi halisemi lolote juu ya kimo cha kiatu, kwa hiyo mwambie pia aingize vidole vyake vya mkono ndani, mbele kabisa. Paa likiwa limelala juu ya soli kama kwenye viatu vilivyochongoka, aache.

Anayeuza kwa simu na kutuma picha mwombe vipimo viwili: urefu wa soli ya ndani, uliopimwa ndani, na upana wake pale penye upana mkubwa. Akikutumia upana wa soli ya chini huo hauna kazi, kwa sababu soli ya nje huchomoza pembeni.

Viatu vya darasani. Hapa ushauri wetu ni mmoja: nenda upande wa wanaume, ngozi nyeusi, namba 43. Kwa namba ile ile, kalibu ya kiume (lile umbo la mguu ambalo kiatu hushonewa juu yake) ina mzunguko mkubwa kuliko ya kike. Lakini usichukue chochote. Tazama masikio mawili yenye matundu ya kamba. Viko viatu ambavyo masikio yameshonewa juu ya uso wa kiatu na yanafunguka wazi hadi chini. Hivyo vinampokea mwenye mguu mpana na mgongo wa juu. Viko vingine ambavyo masikio yameshikana chini, yakifunguka yanafunguka kidogo tu. Hivyo viache, hata vikipendeza zaidi. Mbele pawe pa mviringo au pa mraba. Viatu vya kutumbukiza mguu bila kamba havirekebishiki, basi visiwe chaguo lako la kwanza.

Najua utasema kamba ni usumbufu, maana siku nzima ni kuvua na kuvaa kila mlango. Nunua kamba za mpira. Zinafungwa mara moja kwa kipimo chako, kisha unatumbukiza mguu, na mguu ukivimba adhuhuri zinavutika.

Kiatu cha kiume kina ila moja: kisigino chake ni kipana. Ukiona kinachomoka kidogo, wengi hukimbilia kubandika sponji nyuma ya kisigino. Hiyo husukuma mguu mbele, na vidole ndivyo vitakavyolipa. Mwambie fundi abandike kipande cha sponji ngumu au cha ngozi laini, cha milimita 3 hadi 5, chini ya ulimi wa kiatu. Kinausukuma mguu nyuma ukae kisiginoni, na vidole vinapata nafasi. Ile 44 uliyonayo waweza kuitilia hicho pamoja na soli nzima ya ndani, ikufae mwezi huu mpaka upate nyingine. Ila ujue soli ya ndani inapandisha mguu, na kinachobana kitazidi kubana. Ikikuumiza, igawe.

Na mavyaa? Ana haki ya kusema, na swali la dini wapelekewe masheikh. Sisi tunachoweza kusema ni la kiatu: kiatu cheusi cha ngozi cha mbele mviringo, kisicho na nakshi nzito za kiume, chini ya buibui hakina anayekijua ni cha nani. Raba nyingi, na viatu vya mpira vya Crocs vyenye alama M (wanaume) na W (wanawake) kwenye soli, vimetengenezewa wote wawili. Crocs za M10 ndizo W12. Ni pana tangu kiwandani, na maji ya chumvi hayazidhuru, basi kwa kupanda mashua hazina mpinzani. Tena mume wako atazipata champali zake.

Mitumba ni mahali pazuri pa kutafuta 43 za kike, kwa sababu nyingi zatoka nchi ambako namba hiyo si kioja. Anayekwenda soko la Kongowea kule Mombasa au Gikomba kule Nairobi akufanyie kazi hii. Avute soli ya ndani nje, kama inatoka, aweke kigezo juu yake. Ukiwa mwenyewe, simama juu yake: nyama isizidi ukingo kwa zaidi ya milimita 3, na mbele ya kidole kirefu pabaki upana wa kidole. Kisha soli. Baadhi ya raba na viatu vingi vya starehe vina soli ya poliuretani, aina ya plastiki ambayo huoza kwa unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa hakijavaliwa. Kiatu kizuri cha miaka mingi kwenye boksi, ukikivaa Lamu na joto hili, soli inamomonyoka vipande ukiwa njiani. Kipinde mara kadhaa na ubonyeze soli kwa ukucha. Ikibaki na alama, ikinata au ikitoa unga, kirudishe hata kikiwa bure. Mwisho, pitisha mkono ndani utafute vinundu. Kiatu cha mtumba kimeshika umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza, na kinundu chake hakitakaa penye kinundu chako.

Usinunue kiatu kwa ahadi ya kutanuliwa. Ngozi halisi hutanuka upana, kama milimita 5 za mzunguko, wakati mwingine zaidi kidogo, urefu hauongezeki. Reksini, yaani ngozi ya bandia, hurudi ilivyokuwa au hupasuka. Kujua tofauti, tafuta ukingo uliokatwa ndani ya kiatu na uudondoshee tone la maji. Ngozi itanyonya na kuwa nyeusi, reksini itaacha tone likae hivyo hivyo. Fundi mwenye kalibu ya kutanulia hukiacha kiatu siku moja au mbili, akiweka kipande cha ziada pale penye sugu yako. Hiyo inasaidia mahali pamoja panapouma. Mifuko ya maji inayotiwa ndani ya kiatu na kugandishwa kwenye friza, kama inavyosifiwa mitandaoni, huachanisha gundi na mishono, wala hujui itatanua wapi.

Tufike kwenye makubadhi, maana hapo ndipo wewe una bahati kuliko mwanamke wa Nairobi mwenye mguu kama wako. Mafundi wa ngozi wa Siyu, kule kisiwani Pate, wana sifa ya siku nyingi, na hapa Lamu mjini viatu vya ngozi bado vinashonwa kwa mkono. Kiatu kinachokatwa kwa mguu wako hakina namba. Kinachoharibu kazi ni kwamba fundi ana vigezo vyake tayari, vya namba za kawaida. Ukimwambia 43 pana, ataongeza soli pembeni na mbele, aache mikanda na tundu la gidamu (ule ukanda unaopita kati ya kidole gumba na cha pili) palepale. Soli itakuwa yako, kilichobaki ni cha mtu mwingine.

Mpelekee michoro ya miguu yote miwili, si mmoja. Kwenye kila mchoro tia alama penye vifundo viwili, na alama moja ndogo katikati ya kidole gumba na cha pili, ndani kabisa pale ngozi inapokutana. Hapo ndipo litakapokaa tundu la gidamu. Likitobolewa mbele ya hapo, mguu unateleza na vidole vinaning'inia nje ya soli. Likitobolewa nyuma, kisigino ndicho kinachobaki nje, na gidamu linakukata. Soli izidi mchoro kwa milimita 5 pembeni na kisiginoni, na milimita 8 hadi 10 mbele.

Kipimo cha mkanda huchukuliwa ukiwa umesimama. Weka tepu ukingoni mwa soli upande mmoja, ivuke juu ya mguu, ifike ukingoni upande wa pili. Fundi aongeze sentimita 2 hadi 2.5 kila ncha, za kuingia katikati ya soli ya juu na ya chini. Asipunguze hizo ili kubana ngozi. Ncha fupi ndiyo inayochomoka mwezi wa pili. Upana wa mkanda usipungue sentimita 3. Mkanda mwembamba juu ya mguu mnene unazama na kuacha mfereji, na hina yako itachubuka hapo hapo. Ngozi ya mbuzi ni laini lakini huvutika haraka, kwa hiyo mkanda wa mbuzi utiwe bitana ya ngozi ya pili na ukae wa kushika tangu siku ya kwanza. Ngozi ya ng'ombe huvutika kidogo, yataka iwe sawa sawa.

Mwambie akupigie mikanda kwa misumari midogo kwanza, uvae, utembee mara mbili tatu hapo kibandani, ndipo atie gundi na kushona. Fundi mwenye haraka hapendi jambo hili. Lisimamie. Baada ya gundi hakuna la kurekebisha isipokuwa kuvunja.

Mkanda wa kisigino uwe na bizimu na matundu matano, moja kila sentimita. Matundu matano ni ya mguu wa asubuhi, wa jioni, na wa Ramadhani baada ya futari. Bizimu iwe ya shaba; ya chuma huota kutu kwa hewa ya bahari na kutia doa ngozi. Chini atie mpira wa milimita 3 au 4, kwa sababu soli ya ngozi tupu ikilowa huteleza, na ngazi za gatini hazina huruma. Yakiingia maji ya bahari, suuza kwa maji baridi, yakauke kivulini, yapake mafuta ya mbarika kidogo sana kwa kitambaa. Jua kali baada ya chumvi huifanya ngozi ipasuke.

Na ya arusi yawe hayo hayo. Usitafute viatu vya kisigino kirefu namba 43. Mguu mpana ukiinuliwa unateleza mbele na kusongamana vidoleni, penye nafasi ndogo kuliko kote, na kisigino chembamba kitazama mchangani au kinase katikati ya mawe. Mwambie fundi ashone makubadhi ya mikanda miwili mipana, vidole wazi, kisigino kinene cha sentimita 3 hadi 4 kinachojaa chini ya kisigino chote cha mguu, na afunike mkanda wa mbele kwa kitambaa cha nguo yako au ushonewe shanga. Shanga zishonwe kwa juu tu, mafundo ya uzi yasibaki upande wa ngozi yako. Mpelekee angalau wiki nne kabla, kwa kuwa kila mtu ana arusi Mfungo Mosi. Anza kuvaa nyumbani wiki mbili kabla, nusu saa nusu saa, kabla ya hina na wala si baada yake.

Jambo moja la afya. Mguu unaovimba jioni na kushuka ukilala ni wa kawaida kwa anayesimama siku nzima. Mmoja ukivimba peke yake, ukiwa na maumivu na joto, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Uvimbe usioshuka asubuhi, unaozidi mwezi hadi mwezi, nao usiufunike kwa kiatu kikubwa zaidi: matende bado yako pwani yetu, na yanashughulikiwa vizuri zaidi mapema. Mwenye kisukari asitegemee maumivu kumwambia kiatu kinabana, maana huenda miguu yake imepoteza hisia. Atazame unyayo kila usiku, na apitishe mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa.

Kuhusu binti. La, si kweli, na mwambieni nyanya yake kwa adabu. Kiatu cha kubana hakizuii mfupa kukua kwa urefu. Hupinda vidole na kusukuma kifundo cha gumba nje, na kinundu hicho hakirudi. Miguu ya wasichana wengi humaliza kukua karibu na miaka 14, kwa hiyo huenda 40 isiwe mwisho, na huenda isizidi sana. Mpime kila baada ya miezi mitatu kwa njia ile ile ya ukutani, na kabla ya kila muhula. Mnunulie viatu vyeusi vya shule vya wavulana, vya kamba, vyenye nafasi ya sentimita 1.2 mbele. Visizidi hapo kwa nia ya kumfikisha mwaka ujao. Wala asirithi vyako.